Aliyechoma Jiwe la Twiga

Walisema nisingemaliza darasa la saba. Nilipomaliza, wakasema walimu walinihurumia. Baba Faustini, mwenye trekta pekee kijijini kwetu Bonga enzi hizo, alimwambia mama yangu mbele ya wanawake waliopanga foleni kwenye mashine yake ya kusaga: "Mama Danieli, usijisumbue na madaftari. Huyo mtoto nipe achunge mbuzi wangu. Atakula, atavaa, unataka nini zaidi?" Wanawake wakacheka, maana mwenye mashine akitania lazima ucheke, la sivyo unga wako utatoka na mchanga. Mama hakucheka. Alijitwika debe lake la mahindi vilevile lilivyokuwa, akarudi nyumbani, na wiki ile nzima tulikula makande.

Leo nina diploma ya upimaji wa ardhi. Ipo ndani ya fremu ya kioo sebuleni kwangu Singe, nimeitundika mahali ambapo mgeni akikaa kwenye kochi hana pengine pa kutazama. Nyumba ni yangu, vyumba vinne, bati la rangi ya damu ya mzee, tangi la maji juu. Sikushikwa mkono na mjomba wala mheshimiwa yeyote. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue anayesimulia ni nani, kwa sababu nitakayoyasimulia yalinikuta nikiwa mtoto mwenye kaptura moja, na sitaki mtu anionee huruma.

Kilichonikumbusha ni harufu. Juzi nilikuwa natoka Mutuka kukagua kiwanja cha mteja, nikakuta vijana wa gereji wanachoma tairi bovu kando ya barabara. Moshi uliingia garini kabla sijapandisha kioo. Mke wangu, aliyekaa pembeni yangu, akaniuliza, "Mbona unalia?" Nikamjibu, "Moshi." Ananijua, akageukia dirisha.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande ule mnalikumbuka Jiwe la Twiga. Unaiacha barabara ya Dodoma nyuma yako, unapanda kilima karibu nusu saa katikati ya migunga, mpaka unafika kwenye mwamba uliochomoza mbele kama ukingo wa kofia. Chini yake kuna kivuli cha baridi hata saa saba mchana, na harufu kali ya mkojo wa pimbi. Ukutani yupo twiga mwekundu, shingo ameiinamisha kana kwamba anasoma kitu kilichoandikwa chini. Nyuma yake watu watatu wembamba, vichwa vikubwa, wanakwenda mahali ambapo hakuna aliyewahi kutuambia ni wapi. Wazee walisema tu kwamba waliochora walikuwapo kabla ya babu wa babu zao. Mvua ikichelewa, wazee hao walipanda pale kuomba.

Serikali nayo ililitambua. Ilizungushia mwamba nguzo za chuma na wavu, ikaweka mlango wenye kufuli na kibao: hii ni kumbukumbu ya taifa, ni kosa kuandika, kuchimba au kuwasha moto. Kibao kilidumu. Wavu haukudumu. Upande wa nyuma watu waliukata kidogo kidogo, kipande kimoja kikawa mlango wa banda la kuku, kingine chujio la mchanga, kingine uzio wa bustani ya mchicha. Kuku wa Bonga walilala chini ya ulinzi wa serikali, na sijui kama vicheche walijua.

Mlinzi wa jiwe alikuwa baba yangu. Alipewa ufunguo, kofia ya kaki na posho ndogo, na kwa vitu hivyo vitatu alijiona mtu. Hakupanda kilimani bila shati lake la kanisani. Kabla ya kufungua kufuli aligonga mlango wa wavu mara mbili.

"Baba, unambishia nani hodi?"

"Wenye nyumba."

Kila mwisho wa mwezi alinichukua kwenda kupima. Mvua zilikuwa zinakula udongo chini ya mwamba, na ukuta wenyewe ulikuwa na ufa uliopita karibu na kwato za twiga. Bwana mmoja aliyetumwa na serikali alimfundisha namna ya kuuangalia: funga kamba kwenye nondo iliyochimbiwa mlangoni, ipeleke mpaka kwenye ufa, hesabu mafundo, andika kwenye daftari. Baba aliishia darasa la nne, na akiandika ncha ya ulimi ilitokeza pembeni mwa mdomo. Mimi nilishika kamba kwenye nondo. "Usivute," aliniambia kila mara. "Kamba ikivutwa inadanganya." Miaka mingi baadaye, mwalimu chuoni aliposema jambo hilohilo kwa maneno marefu na mchoro ubaoni, nilikunja mikono nikatabasamu. Nilikuwa nimefundishwa bure, chini ya twiga.

Lakini nilipokuwa na miaka tisa sikuelewa kwamba baba anaupima ufa. Mnajua habari za mali ya Wajerumani, hakuna mtoto wa upande ule aliyekua bila kuzisikia. Wajerumani walipokimbizwa na Waingereza, waliacha masanduku ya dhahabu ardhini, wakaweka alama kwenye mawe ili watoto wao waje kuyachukua. Nikaunganisha. Jiwe lina alama. Serikali imeliwekea kufuli. Baba anapima kwa kamba kila mwezi na kuandika namba kwenye daftari asilomruhusu mtu kuligusa. Anapima nini, kama siyo mahali lilipo sanduku? Nikaona fahari kubwa sana. Tulikuwa maskini kwa makusudi, nilifikiri, kwa sababu ya siri ya serikali.

Fahari ile ndiyo iliyotuponza. Siku moja wakati wa mapumziko, Faustini, mtoto wa yule mwenye trekta, alikuja na viatu vipya vya plastiki vinavyonuka duka, akawa anatukanyaga vidole kwa makusudi ili tuviangalie.

"Baba yako anafanya kazi gani, Danieli?" akaniuliza, ingawa alijua. "Analinda mawe! Mawe yatakimbia?"

Darasa zima likacheka. Nikaona moto kichwani.

"Baba yako ana trekta tu," nikamwambia. "Baba yangu anajua sanduku la Wajerumani lilipo. Analipima kila mwezi."

"Mwongo."

"Haki ya Mungu. Mafundo kumi na saba kutoka kwenye nondo."

Siku ya pili Baba Faustini mwenyewe aliniita kwenye mashine yake. Alininunulia andazi na soda, soda nzima, ya kwangu peke yangu. Akachuchumaa mbele yangu, magoti yake meupe kwa unga, akaniuliza taratibu kama mtu anayemsalimia mgonjwa. Baba anaanzia wapi kupima? Anaishia wapi? Twiga anatazama wapi? "Anatazama chini," nikamwambia. Akacheka sana, akanipiga begani. "Una akili, mtoto. Una akili kuliko baba yako." Nilirudi nyumbani nikiruka. Ni sifa pekee niliyowahi kupata kwa mtu yule, na nimeilipia kuliko diploma.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kigangoni. Benchi la mbele, ambalo Baba Faustini alizoea kulikalia na mto wake, lilikuwa tupu. Nililiona kwa sababu watoto huona vitu vya namna hiyo badala ya kusikiliza mahubiri. Katekista alikuwa katikati ya maombi, harufu ikaingia madirishani, nzito, ya mpira unaoungua. Watu wakakohoa. Baba akanusa mara moja, akasimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa sala, akatoka. Nikamfuata mbio.

Kwetu mwamba mgumu haupasuliwi kwa nyundo peke yake. Wanaoponda kokoto hulaza matairi juu ya jiwe na kuyawasha, yanaungua mpaka jiwe linaanza kulia lenyewe, kisha wanalimwagia maji ya baridi kwa mkupuo. Jiwe lolote litafunguka. Ndivyo walivyofanya. Walichimba pale mafundo kumi na saba yalipoishia, wakakutana na bamba la mwamba, wakadhani ni kifuniko. Tulipofika hapakuwa na mtu. Kulikuwa na shimo la kina cha kiuno, bamba limepasuka vipande vitatu, na chini ya vipande mchanga uleule. Moshi ulikuwa umepanda ukuta wote. Wale watu watatu hawakuonekana tena. Twiga alibaki masikio.

Baba alivua kofia. Akaingia shimoni, akanyoosha mkono, akaanza kufuta masizi kwa mkono wa shati lake la kanisani, polepole, kama anavyofutwa mtoto uso. Alipoutazama mkono wa shati aliona weusi, na ndani ya weusi, wekundu. Rangi ilikuwa inatoka na masizi. Akaacha. Alikaa chini kwenye jivu, na mimi niliyekuwa namngojea aseme neno nikaanza kuokota nyaya za chuma zinazobaki tairi likiungua. Zilikuwa mviringo mkubwa, zilinipita urefu. Tairi la gari dogo haliachi waya wa namna ile.

"Baba, hizi ni za tairi la trekta."

Akaziangalia. Akaniangalia mimi, muda mrefu.

"Danieli. Nani alimwambia mtu habari za kamba?"

Nikaziweka zile nyaya chini. Nilikuwa nimeikumbuka ile soda.

"Basi," akasema. "Usiseme tena neno trekta. Umenisikia? Usiseme kwa mtu yeyote."

Nikadhani anaogopa. Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba yangu alikuwa mwoga.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa mpira wa shule. Mvua zilikuwa zimechelewa, mahindi yamejikunja majani, na watu walikuja wakiwa na hasira tayari, wanatafuta pa kuitua. Mzee Amnaay, mkubwa wa wazee wa tambiko, aliketi kwenye kiti kilichotolewa ofisini kwa mwalimu mkuu. Akauliza kufuli lilikuwaje. Wakasema ni zima, halijavunjwa. Ufunguo anao nani? Baba Danieli. Kila mtu aliyesimama pale alikuwa na kipande cha wavu nyumbani kwake, kila mtu alijua nyuma ya jiwe ng'ombe anapita bila kuinama, na mmoja baada ya mwingine walinyanyuka wakasema: kufuli ni zima.

"Baba Danieli, umeuza jiwe?" Mzee Amnaay akamuuliza.

"Sijauza."

"Unamjua aliyechoma?"

Baba alikuwa amesimama peke yake katikati ya uwanja. Aligeuka kidogo upande tuliokaa mimi na mama. "Nilikuwa kanisani," akasema. "Nilipewa kulinda, na limechomwa. Kosa ni langu."

Nikatamani ardhi inimeze. Nilijua angeweza kunyoosha kidole. Baba Faustini alikuwa hatua sita kutoka kwake, amevaa koti, anatikisa kichwa kwa masikitiko kama watu wengine.

Wakatutenga. Mtu asiyejua anadhani kutengwa ni maneno. Ni hivi: mama akienda kisimani, wanawake wanatoa ndoo zao na kusogea, naye lazima asubiri mpaka wa mwisho aondoke. Mbuzi wako hawachangamani na wa jirani. Moto ukizimika huombi kaa. Shuleni nilipewa dawati la peke yangu na kikopo cha peke yangu cha maji, kimefungwa uzi mwekundu ili mwingine asikosee. Mdogo wangu wa miaka mitatu hakuelewa, alikuwa anakimbilia watoto wenzake barabarani akicheka, na mama zao wanawabeba wanakimbia. Alidhani ni mchezo. Hiyo ndiyo sehemu nisiyoisamehe.

Yule bwana aliyemfundisha baba kupima alikuja, akatazama ukuta, akachukua ufunguo na kofia. Wazee nao walitaja cha kututoa kwenye kutengwa: mtamba mmoja wa ng'ombe, kondoo jike mweusi, na asali ya kutengenezea pombe ya tambiko. Sisi tulikuwa na mbuzi wanne. Baba akaenda kukopa, akisimama nje ya nyua za watu na kuita kwa mbali kama mwenye ukoma. Mama Rebeka, mjane, alimfungulia kondoo bila kuuliza siku ya kulipa. Katekista alitoa asali. "Asali ni asali," alisema. "Mtakachoifanyia mimi sijui, na usiniambie." Mtamba akakosekana.

Ndipo Baba Faustini alipokuja kwetu, mchana kweupe, huku watu wanamwona akivuka mpaka wa kutengwa. Nyuma yake mchungaji wake alivuta mtamba mwekundu mwenye baka jeupe.

"Baba Danieli, sisi ni majirani," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Siwezi kukuona unakufa na watoto. Mchukue huyu. Utanilipa ukiweza."

Baba aliipokea ile kamba kwa mikono miwili, kama mdogo anavyopokea kwa mkubwa. Kijiji kizima kikasema Baba Faustini ana moyo wa dhahabu.

Tukatakaswa. Mvua ikanyesha, haba. Baba akawa kibarua wa kulima mashamba ya watu, na jina jipya likamfuata mpaka sokoni: Muuza Jiwe. Na kila msimu trekta lilipopita mbele ya nyumba yetu, lilipunguza mwendo. "Baba Danieli! Mtamba wangu hajazaa tu huko?" Kisha kicheko, kisha moshi.

Niliapa kwamba siku moja mtamba yule atalipwa. Mtoto akiapa watu hutabasamu, lakini mimi niliapa kama mtu anayeandika. Nilipomaliza darasa la saba nilikwenda Arusha kubeba zege. Nilifyatua tofali, nililala kwenye majengo yasiyo na milango, nikasoma kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi kwa vitabu vya kuazima, nikafeli hesabu, nikarudia, nikafaulu kuliko waliokuwa wanapelekwa shule na baba zao kwa magari. Nikaingia chuo cha upimaji. Wenzangu walichagua kazi ile kwa sababu ina posho za safari. Mimi nilijua ninachokitafuta.

Baba alifariki nikiwa mwaka wa mwisho. Kwetu kabla jeneza halijashushwa, msemaji wa familia huuliza: nani anamdai marehemu, nani anadaiwa na marehemu, ajitokeze. Baba Faustini akainua mkono.

"Mimi marehemu nilimkopesha mtamba," akasema, akavua kofia. "Miaka mingi. Lakini mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, nimesamehe."

Waombolezaji wakanong'ona, "Mungu ambariki." Wengine walipiga makofi. Makofi, kwenye kaburi la baba yangu. Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia.

Jioni ile ndipo aliponiambia. Baba alijua tangu siku ya kwanza, kwa nyaya zile. Lakini angesema trekta, Baba Faustini angejibu kwamba aliyemwonyesha ni mtoto wa mlinzi mwenyewe, nami ningesimamishwa katikati ya uwanja ule. "Laana ya wazee ikimpata mtu mzima, analipa inaondoka," mama alisema. "Ikimpata mtoto, anakua nayo. Baba yako alisema heri aitwe yeye."

Sikulia. Nilikaa nikahesabu upya kila kitu nilichowahi kumfikiria baba yangu, na kila hesabu ilitoka dhidi yangu.

Nilirudi Babati na vyeti vyangu, na kampuni niliyoajiriwa ikapata kazi ya kurudishia mipaka ya maeneo ya kumbukumbu, na katika orodha lilikuwamo Jiwe la Twiga. Niliomba nipangiwe mimi. Baba Faustini alikuwa amezeeka, lakini si kwa umaskini. Chini ya kilima alikuwa amejenga gesti ya vyumba kumi na viwili kwa ajili ya wageni wanaokuja kutazama mabaki ya michoro aliyoichoma mwenyewe, na ukutani amemchora twiga, wa kijani, mbaya.

Ramani ya zamani ilikuwa na alama nne za chuma. Tatu nilizipata siku ya kwanza. Ya nne tulichimba asubuhi nzima, tukaikuta ng'ambo ya gesti, hatua thelathini nje yake, imelala palepale ilipozikwa na waliotutangulia. Gesti yote ilikuwa ndani ya eneo linalolindwa. Sikuongeza hata shubiri moja. Sikuhitaji. Nilirudia vipimo mara tatu, na kamba haikuvutwa.

Kupiga alama ya X kwenye jengo la kubomolewa ni kazi ya kibarua. Nilimnyang'anya brashi, nikaipiga mwenyewe, nyekundu, katikati ya tumbo la yule twiga wa kijani. Wananchi wakasimama kutazama. Mzee akatoka nje na fimbo yake.

"Shikamoo, Baba Faustini."

"Marahaba, mwanangu." "Danieli, tuongee kama watu wazima. Sogeza mstari. Hatua thelathini tu, nani atajua?"

"Mstari uko kwenye ramani, mzee. Hauko mkononi mwangu. Kilichoko mkononi mwako ni kingine."

"Kipi?"

"Matairi."

Aliangalia kilima, akaangalia watu. "Nikisema, utanifanyia nini?"

"Sema kwanza."

Mkutano wa mipaka uliitishwa kwenye uwanja uleule wa shule. Mzee Amnaay alikuwa amekwishafariki, kiti alikalia mwingine, lakini waliosema kufuli ni zima wengi walikuwapo, wamekuwa wazee wenye mabegi ya dawa. Baba Faustini akasimama. Faustini mwenyewe, mtu mzima sasa mwenye kitambi, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Matairi yalikuwa yangu," mzee akasema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. "Mimi na mganga mmoja wa kutafuta mali, na kijana wa kubeba maji. Baba Danieli hakuwapo. Hakuniuzia kitu. Nilimsingizia kwa kunyamaza."

Nikawageukia wale wengine. "Na wavu?" nikawauliza. "Nani alikata wavu?" Hawakujibu, lakini niliwapa nafasi ndefu ya kutojibu. Nilimtazama kila mmoja usoni mpaka akatazama chini, mmoja mmoja, safu ya mbele mpaka ya nyuma. Kisha nikawauliza baba yangu aliitwa nani. Mwanamke mmoja akasema, "Baba Danieli." Nikasema, "Sijasikia." Wakasema wote.

Mstari ulibaki pale ulipo. Kuna wanaosema nilimchezea mzee, kwamba alikiri akitumaini nitamhurumia. Sikumwahidi kitu. Hao wanaonisema hawajawahi kunywa kwenye kikopo chenye uzi mwekundu.

Siku ya kulipa niliichagua mwenyewe. Nilikwenda mnadani nikanunua kondoo jike mweusi, ndoo ya asali safi kutoka kwa warina asali, na mtamba mwekundu aliyenona, ghali kuliko wote waliokuwapo. Nilimtoa mama nyumbani akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Mama Rebeka, ambaye sasa haoni vizuri, alimpapasa kondoo mgongoni akacheka mpaka akapaliwa. "Yule wenu alikuwa mwembamba, jamani! Huyu ni wa bwana harusi!" Katekista alikuwa marehemu, nikamkabidhi mwanawe asali mbele ya watoto wake. Kufikia hapo tulikuwa na kundi la watu nyuma yetu. Sikuwaita, lakini nilikuwa nimeendesha polepole.

Baba Faustini alikuwa nje ya gesti akisimamia vijana wanaoezua mabati kabla ya kubomolewa. Aliponiona na ng'ombe alielewa.

"Danieli, deni lile nilisamehe. Ulinisikia, siku ya mazishi."

"Nilikusikia. Watu wote walikusikia. Ndiyo maana nimekuja na watu."

"Sina hata zizi sasa. Nitamweka wapi?"

"Baba yangu hakukuuliza swali hilo," nikasema. "Huyu ni mtamba wa Baba Danieli. Amelipa. Hajasamehewa na mtu."

Mama alisogea akasimama kando yangu. Alimtazama mzee usoni.

Mzee akanyoosha mkono mmoja kupokea kamba. Sikuiachia. Tulisimama hivyo, ng'ombe akipiga mkia, vijana juu ya paa wameacha nyundo. Kisha akaegemeza fimbo yake ukutani, akanyoosha na wa pili.